Jina Lililotokea Kwenye Kompyuta ya Bi Tatu

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano, asubuhi

Dada yangu Zena,

Kamwene. Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama kwanza nani amekaa karibu nawe. Kama ni Mama, kunja barua, mwambie Mwajuma anasalimu, anasema baridi ya Mbeya imemkamata lakini anakula vizuri, kisha toka nje uisomee huko. Najua nyumbani kwetu barua ikifika inasomwa kwa sauti, watu wote wamekaa, na Mama anadai irudiwe. Hii usiisome kwa sauti. Nakuomba sana.

Haya, kama uko peke yako sasa tusalimiane. Hujambo wewe na watoto? Kifua cha Mama kimepoa? Shemeji amemaliza kuezeka jiko, au bado anazunguka na kamba anapima tu kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima. Ila nina hofu, dada, hofu ya kweli kweli, na wewe unanijua nilivyo mwoga. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuamsha unisindikize chooni mpaka nimekuwa msichana mkubwa wa kuvunja ungo. Ukiona mwandiko umekaa kama wa mlevi, ni hofu hiyo. Nimeshachana karatasi nyingine kabla ya hii.

Habari yenyewe ni ya mdogo wetu Yasini. Usilie bado. Nisikilize nikueleze ilivyotokea, maana nikiruka nitakuchanganya kama nilivyochanganyikiwa mimi.

Bi Tatu unamfahamu kwa maneno yangu, mama mwenye duka ninakofanya kazi. Babu zake walitoka pwani wakaja huku na biashara ya nguo, na yeye mpaka leo anaongea kama ameshuka jana kutoka Bagamoyo. Pale dukani tunauza madaftari na vitenge, na pembeni kuna ile kompyuta ya mezani ya kuchapa barua za watu. Sasa wateja wakawa wanakuja na simu zao. Huyu anataka picha ya harusi itolewe, huyu anataka muito mpya, huyu anataka namba zake zihifadhiwe kabla simu haijafa. Na kila simu ina waya wake, hakuna unaofanana na mwingine. Tulikuwa tunawafukuza wateja mlangoni kama kuku.

Fundi mmoja akamshauri Bi Tatu anunue jicho. Ni kidude kidogo, kina mkia wa waya unaochomekwa nyuma ya kompyuta, na mbele kina kioo cheusi chenye wekundu kwa mbali. Wenyewe wanakiita infraredi. Simu nazo zina kioo kama hicho kichwani. Ukivielekeza vikatazamana, vinaongea kwa mwanga ambao mimi na wewe hatuuoni, na vilivyomo kwenye simu vinahamia kwenye kompyuta bila waya. Mara ya kwanza niliogopa kusogeza mkono pale katikati. Bi Tatu akanicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Lakini jicho lilikataa kufanya kazi. Tukaweka simu hivi, tukaigeuza vile, kimya. Bi Tatu akarudi kwa muuzaji akamgombeza mbele ya watu, karibu washikane. Kumbe kosa lilikuwa letu. Unajua tulivyo na vitambaa vya kufuma. Redio ina chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa maji una chake. Bi Tatu naye aliifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, na pindo lake lilikuwa linaning'inia mbele ya jicho. Siku nilipokiinua nipanguse vumbi, kompyuta ikalia kengele yake na simu ikaonekana. Bi Tatu akasema, "Tumelifunga kitambaa usoni halafu tunalitukana halioni! Nenda kamwombe radhi yule baba wa watu, mimi nina aibu." Nikaenda mimi.

Tangu hapo kazi imekwenda vizuri. Ukielekeza simu, kompyuta inalia, halafu kwenye skrini linatokea jina ambalo mwenyewe ameipa simu yake. Mengine yanachekesha. Kuna mzee wa heshima zake, simu yake inaitwa Simba Dume. Nilikuwa nayafurahia sana majina hayo, mpaka jana.

Jana mchana aliingia mtu mrefu, shuka begani, viatu vya tairi vimejaa tope lililokauka, fimbo mkononi. Nikajua ni wale wafugaji wa Kisukuma wanaokaa kule bondeni Usangu. Akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha.

"Mayu," akaniita, ndivyo wanavyowaita akina mama kwa heshima, "nimeambiwa hapa mnatoa namba kwenye simu iliyokufa kioo."

"Kama kilichokufa ni kioo tu, tunatoa," nikamwambia. "Kama imekufa yote, kawaone wa makaburini."

Hakucheka. Akafungua fundo kwenye shuka akatoa simu. Gamba lake halikuwa la kwake, lilikuwa la kuokoteza, limefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kioo kilikuwa kimepasuka na ndani kimeingia weusi kama wino. Laini haikuwemo. Nikaweka laini ya dukani ili iwake, na kweli vitufe vikatoa mwanga. Njia ya kuwasha infraredi kwenye simu za aina ile naijua kwa vidole, sihitaji kuona. Nikabonyeza, nikailaza mbele ya jicho, nikainua pindo la kitambaa. Kompyuta ikalia.

Likatokea jina: YASINI WA MAMA.

Dada, jina lile niliandika mimi. Ile Idi ya mwisho tuliyokuwa wote nyumbani Kihesa, Mama alimfichia firigisi kwenye kibakuli, akala peke yake nyuma ya mlango, mtu mzima na ndevu zake. Nikachukua simu yake nikaibatiza hivyo ili wenzake wa kwenye malori wamcheke. Akaniambia hatalifuta ng'o. Baada ya hapo akaondoka na lori la yule tajiri wa mpunga, akiwa utingo wake, na simu ikawa haipatikani. Tajiri tulipomfuata si alitujibu utingo wake ametoroka, tukamtafute wenyewe? Unakumbuka Mama alivyorudi kutoka kwake, alivyokaa chini kwenye kizingiti bila kuvua viatu.

Sasa jina lile linaniangalia, na simu imeletwa na mtu nisiyemjua mwenye fimbo.

Nikashika meza. Kichwani mwangu likaja moja tu: amemuua mdogo wangu akachukua simu yake, na sasa amekaa hapa kwenye benchi letu ananisubiri. Nikaogopa asije akagundua kwamba nimegundua. Nikavuta kile kitambaa cha Bi Tatu nikafunika skrini yote na jicho lenyewe. Kompyuta ikalia tena, ile kengele ya kuachana.

Yule mtu akasimama ghafla. "Imekuwaje?"

"Hakuna kitu. Subiri hapo," nikasema, na sauti ilitoka kama ya panya.

Nikaenda kwa Bi Tatu aliyekuwa nyuma anapanga vitenge. Nje ya mlango wetu kuna vijana wa bodaboda, wamekaa pale siku nzima hawana abiria, wanatafuta cha kufanya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, dada, nakuapia. Mwizi. Lilibaki kutoka tu.

Bi Tatu akanitazama usoni, na kabla sijasema akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Nikamwambia kwa kunong'ona kati ya vidole vyake, nusu nalia. Hakuondoa mkono.

"Nyamaza wewe! Neno hilo likitoka, wale wa nje hawaulizi la pili, wanaokota mawe. Na huyu akifa hapo barazani, nani atakayekuonyesha alipo ndugu yako?"

"Amemuua, Bi Tatu."

"Umemwona akiua? Hebu tumia akili, mwanangu. Aliyeiba simu huja kufutiwa namba. Huyu amekuja kuzitafuta."

Nilikuwa sijaliona hilo. Hofu ilikuwa imenifunga macho. Tukarudi mbele, Bi Tatu akiwa na chupa ya chai ya tangawizi, anatabasamu kama amepata mgeni wa posa. Tukamkuta yule mtu amesimama palepale, jasho linamtiririka kwenye shingo, na fimbo imeanguka chini hajaiokota.

"Zimepotea?" akaniuliza. "Mayu, zile namba zimepotea?"

"Namba za nani?" Bi Tatu akamwuliza. "Kaa unywe chai, baba, tuambie ni za nani."

Alipokunywa ndipo akaeleza. Anaitwa Masanja. Hajui kusoma. Nyumbani kwake kuna mgonjwa ambaye si ndugu yake, na mgonjwa huyo hataki ndugu zake watafutwe. Yeye Masanja ameichukua simu mwenyewe hajui, amefunga safari ya kuja mjini kutafuta mtu wa kuzitoa namba. "Nikizikosa hizo namba atafia kwangu," akasema, "na mimi sijui nimpeleke kwa nani. Nitamzikaje mtu wa watu kama mbwa aliyepotea?"

Nikamwuliza mgonjwa anaitwa nani. Akasema anajiita Juma. Moyo ukaniuma na kutulia kwa pamoja, nikadhani labda si yeye, labda simu imepita mikono mingi. Nikamwomba anieleze alivyo. Akasema ni kijana mwembamba, ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, na alipokuwa na nguvu alikuwa anawaimbia ng'ombe nyimbo za redioni. Wewe ndiye uliyekuwa umemshikia kitambaa kwenye nyusi ile, siku alipodondoka kwenye mpera. Kisha Masanja akasema, "Anasema yeye hana ndugu hata mmoja, ametokea tu."

Hapo nikalia, dada. Sikujali tena ananiona.

Nikakiinua kitambaa na kuwasha upya, simu na jicho vikatazamana, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini. Mama. Dada Mwaju Mbeya. Masanja akasogea karibu, ananyooshea kidole vitu asivyovisoma. "Ya mama yake ipo? Piga, mayu. Piga ya mama yake sasa hivi."

"Sipigi," nikamwambia. "Mimi ni dada yake."

Alishika kichwa kwa mikono miwili akakaa chini sakafuni. Bi Tatu akawa anampepea kwa daftari.

Sasa nikueleze kilichotokea, kama Yasini alivyomwambia Masanja siku homa ilipompanda. Lori lilikuwa limetoka mashambani na magunia ya mpunga. Dereva alikuwa amekunywa, usingizi unamchukua, akamwachia Yasini usukani. Leseni hana, unajua. Alikuwa anaendesha kule kwenye barabara ya tope, tairi likaingia mtaroni, lori likalala. Dereva akabanwa akafa palepale, na ajali hiyo tajiri hakututajia hata kidogo. Yasini alitoka na mguu uliovunjika, akajikokota porini, akajificha, akidhani watu wakifika watajua ni yeye aliyekuwa anaendesha. Masanja alimkuta wakati anatafuta ndama. Akambeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Waliufunga mguu kwa vijiti, ukaonekana unaunga, akawa anachechemea nao. Hata akawa anawakamulia maziwa. Sasa umevimba, umefunguka, na Masanja amesema kitu ambacho sitaki kukiandika lakini nitakiandika ili ujue: unanuka.

Hospitali hataki. Anasema akienda ataulizwa mguu umevunjikia wapi, na jibu litampeleka jela. Anasema pia ndugu wa yule dereva watamtafuta. Na anasema, heri Mama aamini mwanawe katoroka kazi kuliko aamini ameua mtu. Ndiyo maana akatufuta sote, akawa Juma.

Naogopa vitu vingi sana sasa hivi, hata sijui nianze na kipi. Naogopa nitachelewa. Naogopa sheria. Naogopa kuingia kule bondeni na mtu ambaye mpaka jana mchana nilikuwa tayari apigwe mawe. Na jambo hilo lenyewe linaniogopesha kuliko mengine, kwamba lilibaki neno moja tu, kutoka kwenye mdomo wangu huu unaoujua. Yeye hajui. Alilala kwa Msukuma mwenzake hapa mjini, na asubuhi hii amenijia na chupa ya maziwa, eti nisisafiri na njaa. Nimeshindwa kumeza.

Jana tulitaka kuondoka saa ileile, lakini mvua ilikuwa imenyesha na hakuna gari lililokubali kuingia kule jioni. Bi Tatu amempata mpwa wake mwenye pikapu, ndiye tunayemsubiri. Amefunga godoro nyuma na turubai. Bi Tatu mwenyewe anakuja, amevaa viatu vya mvua vya marehemu mume wake, anaonekana kichekesho na hataki mtu amcheke. Anasema hawezi kuniacha niende peke yangu nikazimie njiani. Tukimpata, tunamleta moja kwa moja hospitali ya hapa mjini. Atake asitake.

Wewe nakuomba mambo haya. Muulize shemeji kwa mzunguko, bila kumtaja mtu, sheria inasemaje kwa kijana aliyeachiwa usukani na mkubwa wake likatokea la kutokea. Yeye anakaa na makarani wa mahakama kwenye bao, atajua. Kisha kile chumba cha uani kinachowekwa majembe, kitoe vitu ukifagie. Mama akiuliza, sema kuna mgeni wa shemeji. Na uje Mbeya mara tu nitakapokuambia, maana akiniona mimi tu atanidanganya, tangu utoto ananidanganya na mimi namwamini. Wewe anakuogopa.

Barua nampa jirani yangu anayekwenda Ilula kufuata nyanya, atashuka kwanza Iringa akuletee mkononi. Mpe maji, ni mtu mwema, lakini usimweleze kitu.

Nisalimie Shangazi, mwambie zile sweta nimezipata na zinanitosha. Nisalimie Mjomba fundi cherehani na mkewe, na bibi mzaa baba kama bado ananikumbuka jina. Wabusu wanao. Shemeji mwambie aache kupima, aezeke.

Gari limefika, naandika nimesimama. Nilimwuliza Masanja sasa hivi, tukifika nipite upande gani, maana Yasini akiniona ghafla anaweza kukimbia porini. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Hawezi kukimbia, mayu. Nilipoondoka alikuwa hawezi hata kukaa."

Nitapiga ile simu ya nyumbani kesho jioni, na najua atakayepokea ni Mama, kama kawaida. Nitamwambia nakutaka wewe. Atasimama pembeni yako anakutazama mdomo. Kama nitalia, wewe mwambie ni mambo ya kazi, Mwaju amegombana na tajiri wake, ukate simu. Nikicheka, dada, usiniulize kitu chochote. Mpe Mama simu tu, kwa sababu nitakuwa nimeshaisogeza kwenye mdomo wa Yasini.

Ni mimi mdogo wako mwoga,
Mwajuma